Desemba ya Macho ya Mama Mkwe

Mke wangu ni askari polisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti na grili za madirisha pale Bugembe, kando ya barabara kuu. Katika kambi ya polisi tunamoishi hapa Jinja, majirani wananiita afande kwa kunitania, maana mwenye magwanda nyumbani kwetu ni yeye. Nimezoea. Baba yangu alikuwa mwanajeshi kutoka Teso. Nilizaliwa kambini, nikaapa sitarudi kambini, kisha nikampenda askari mmoja wa kabila la Wagisu ambaye buti zake ziling'aa kuliko sufuria zangu zote. Mimi lugha ya kwao siijui, yeye ya kwetu haijui, kwa hiyo watoto wetu wawili wamelelewa kwa Kiswahili.

Kwetu sisi, miezi mizuri ya mwaka inaanza Septemba. Shule zinafunguliwa kwa muhula wa mwisho, mvua ndogo zinaanza kunyesha alasiri, na binti yetu, ambaye mwaka huo alikuwa na miaka minane, anaanza kuhesabu: Siku ya Uhuru, kisha senene, kisha likizo, kisha Krismasi kwa kukhu. Kukhu ndiye bibi yake, mama mkwe wangu, anayeishi Mbale katika mtaa wa Malukhu. Mdogo wa binti, mvulana wa miaka miwili na nusu, alikuwa hajui kuhesabu lakini alirudia kila kitu dada yake alichosema, kwa sauti kubwa zaidi.

Siku ya Uhuru, mwezi Oktoba, mama yao alikuwa kwenye gwaride. Tulisimama nyuma ya kamba na watu wengine, mvulana mabegani mwangu, na kikosi chake kilipopita, binti akapiga kelele, "Mama! Mama! Tuko huku!" Mama hakugeuza hata ukope. Jioni aliingia ndani akavua kofia, akauliza kwa sauti ya kituoni, "Nani aliniita katikati ya gwaride?" Mvulana akainua mkono, ingawa si yeye. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa kumi na moja senene, wale panzi wa kuliwa, walianguka. Tuliamka alfajiri na mapipa madogo ya plastiki, tukawaokota kwenye majani chini ya taa kubwa za lango la kambi, kabla jua halijawapasha wakaanza kuruka. Kisha asubuhi nzima barazani, kunyofoa mabawa na miguu. Mvulana alimtia mmoja mdomoni akiwa hai; akafumbua macho kwa mshangao, akamtema, akamchukua tena. Binti aliwakaanga mwenyewe bila mafuta, maana senene wana mafuta yao, akaongeza kitunguu na chumvi. Jumapili tulikwenda Wanyange kukaa kando ya ziwa na kula samaki aina ya ngege wa kukaanga, na hata huko alibeba senene wake ndani ya karatasi, akawauzia watoto wengine hadithi ya jinsi alivyowakamata.

Lakini katikati ya furaha zote hizo kulikuwa na jambo moja ambalo mimi na mke wangu tulilizungumza kila siku. Mama mkwe alikuwa anapofuka. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umefunika macho yake yote mawili. Kukhu alimwona vizuri binti yetu alipokuwa mchanga. Mvulana, kukhu hakuwahi kumwona. Alimjua kwa viganja tu: anamshika kichwa, anashuka kwenye masikio, anapima mashavu, anasema, "Hii mutoto ni nene. Hii mutoto iko sawa." Na kila mara alimaliza kwa kuuliza swali lilelile, "Hii mutoto nafanana nani?" Kila mtu alimjibu lake, naye hakumwamini yeyote.

Tulikuwa tumepata habari kwamba madaktari wa macho wangekuja Mbale kwa wiki moja, katika hospitali moja ya mjini, wiki ile inayoishia mkesha wa Krismasi. Mama mkwe alikuwa ameandikishwa kupasuliwa siku ya mwisho ya upasuaji, moja kabla ya mkesha. Wakiondoka, hakuna aliyejua watarudi lini. Mke wangu alikuwa ameomba likizo mapema ili ampeleke. Likizo ikakubaliwa, mimi nikapumua.

Nilipumua kwa sababu ambayo lazima niieleze. Kwa Wagisu, kama ilivyo kwetu Teso, mwanaume na mama mkwe wake hawagusani. Hawakai chumba kimoja, hawali wakitazamana, wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Si chuki, ni heshima iliyokazwa mpaka mwisho. Wazee wanasema ukimgusa mama mkwe mikono itaanza kutetemeka na haitaacha mpaka unakufa. Mimi nashika moto kila siku. Sijui kama naamini, najua tu kwamba sikuwahi kujaribu. Katika miaka tisa ya ndoa, mama mkwe hakuwahi kunisemesha mimi moja kwa moja. Akiwa na neno kwangu alimwambia mtu mwingine kwa sauti ya kutosha nisikie, nami nilijibu vivyo hivyo. Zamani alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, akivuka mpaka kwenda Kenya na kurudi, ndiko alikopata Kiswahili chake, na mpaka leo anakizungumza kama mtu anayepatana bei.

Mwaka uliotangulia nilifanya ujinga. Nilichoka kula Krismasi peke yangu uani, kwenye kiti cha plastiki, huku ndani watoto wakicheka. Nikachomelea fremu ya chuma yenye miguu minne, urefu wa mtu, nikaisafirisha juu ya basi mpaka Mbale, nikaiweka katikati ya sebule ya mama mkwe na kuitundikia kitenge. Yeye upande wake, mimi upande wangu. Nilijiona mhandisi. Tukaletewa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, tukala. Katikati ya chakula mama mkwe akamwambia mjukuu wake, "Ambia baba yako, mi nasikia meno yake." Kumbe kula mbele ya mama mkwe si suala la kuonekana tu. Nilibeba sahani yangu nikarudi uani, na fremu ile leo inaanikiwa nguo.

Sasa turudi Desemba hiyo. Siku nne kabla ya siku ya upasuaji, mke wangu aliingia akakaa kitandani bila kuvua buti. Likizo zote zilikuwa zimefutwa mpaka baada ya mwaka mpya. Askari wote kazini.

"Basi msichana anayekaa naye ampeleke," nikasema.

"Amekwenda kwao kwa sikukuu."

"Majirani."

"Ni mwaka wa tohara ya vijana. Majirani wamepanda mlimani kwenye sherehe, mtaa mzima. Nimepiga simu nyumba sita."

"Boda."

"Mama hapandi pikipiki ya mtu asiyemjua, na haoni. Unataka aangushwe?"

Kisha akanitazama, nami nikaelewa ninachoombwa. Nilikasirika, nasema kweli. Nilikuwa na mageti matatu ya watu waliotaka kuyaona yamesimama kabla ya Krismasi. Nilitupa glavu zangu sakafuni, nikasema mambo kuhusu jeshi la polisi ambayo hayafai kusemwa ndani ya kambi ya polisi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema taratibu, "Afande, ni macho ya mama yangu." Hakunitania. Nikaenda kuwapigia simu wenye mageti.

Mpango ulikuwa hivi. Mimi na watoto tungekwenda Mbale siku moja kabla. Binti angemshika kukhu mkono, mimi ningetangulia hatua kumi na mvulana mgongoni, na kule hospitali ningefanya yote yanayofanywa nje ya mlango. Mama yao alimpigia pasi binti gauni la Krismasi, akamwambia alivae siku hiyo badala ya sikukuu, kwa kuwa kukhu akifumbua macho ni vizuri aone kitu cha maana.

Tulifika Malukhu jioni. Niliwasukuma watoto mlangoni na pipa la senene waliobaki, mimi nikaenda kulala kwenye gesti kando ya barabara, maana nyumbani kwa mama mkwe hulali. Usiku mvua ilinyesha kwa hasira. Asubuhi nilipofika uani nikakuta wako tayari: kukhu kwa gauni lake refu la gomesi la Jumapili, mabega yametuna na mkanda umefungwa vizuri, fimbo yake ya mti wa kahawa mkononi, binti kwa gauni lake, mvulana anakula senene. Niligeuka pembeni nikatazama ukuta na kumsalimia kupitia mtoto.

Kutoka nyumba ile mpaka barabara ya lami si mbali, lakini kuna mfereji mkubwa unaopita katikati, na juu yake kulikuwa na mbao mbili za kuvukia. Mvua ilikuwa imezibeba; mimi nilipokuja nilipita majini. Gari haliwezi kufika, pikipiki haiwezi. Ilibidi kushuka mferejini, kukanyaga maji yanayofika magotini, na kupanda upande wa pili penye utelezi. Nilimvusha mvulana kwanza, nikamketisha juu ya jiwe na kumwambia asiondoke. Nilipogeuka, binti alikuwa anajaribu kumteremsha bibi yake. Uzito wa mwanamke mzima kwenye bega la mtoto wa miaka minane. Wote wawili walikuwa wanayumba.

Mama mkwe akasimama. Alifikiri kidogo. Kisha akaielekeza fimbo mbele, kwenye hewa. "Ambia baba yako ashike huko mbele. Mi nashika huku."

Nikarudi, nikashika ncha ya fimbo bila kumtazama, nikaanza kurudi nyuma taratibu. Tulishuka. Binti nyuma, ameshika mkanda wa gomesi. Nilisema, "Mwambie kuna jiwe," binti akasema, "Kukhu, kuna jiwe," ingawa kukhu alikuwa amenisikia kabla yake. Tulikuwa tumefika katikati ya maji mguu wake ulipoteleza. Aliachia fimbo. Akaanguka kwa magoti, kisha kwa mikono, na gomesi ikaelea pembeni mwake.

Mikono yangu ilinyooka yenyewe. Alisikia maji yakichapwa na miguu yangu, akainua kiganja kilichojaa tope. "Hapana!"

Nikasimama. Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba ningeinama tu. Niliweka mikono nyuma kama mke wangu kwenye gwaride, nikaibana, maana sikuiamini. Binti alikuwa anasukuma chini ya kwapa la bibi yake, analia, gauni la Krismasi limelowa mpaka kiunoni. Nilijiona mwanaume bure kabisa. Niliwaonea hasira wazee wote waliotunga sheria hizi wakiwa wamekaa mahali pakavu.

Mama mkwe alikuwa anahema. Akasema kwa sauti ya chini, si ya kupatana bei hata kidogo, "Ambia baba yako asiguse mimi." Akatafuta pumzi. "Lakini asiende mbali."

"Niko hapa," nikamwambia binti. "Mwambie niko hapa."

Niliiokota fimbo kwenye maji, nikaisogeza mpaka ikagusa vidole vyake. Akaishika kwa mikono miwili. Nikapanda miguu yangu kwenye tope nikavuta kwa mgongo wote, jinsi ninavyovuta geti lililokwama, naye akainuka polepole upande wa pili wa fimbo ile. Hatukuiachia mpaka lami, na hata kwenye lami hatukuiachia. Nilikuwa na mvulana mgongoni na fimbo mkononi, na watu wa Mbale wakasimama kutazama mkwe akimkokota mama mkwe wake mwenye tope mpaka kwenye gari la kukodi. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia.

"Baba, kwa nini humshiki tu?" binti aliniuliza tulipopata nafasi.

"Kwa sababu ni mama wa mama yako."

"Hiyo si sababu," akasema, akaendelea kukamua gauni lake.

Hospitalini karani aliniuliza jina la mgonjwa. Kwetu jina la mama mkwe halitajwi hovyo, na mimi sikuwahi kulitoa mdomoni mwangu. Nikaomba kalamu, nikaliandika. "Wewe ni nani wake?" Nikasema mkwe. Karani aliinua uso, naye kwa sura alikuwa Mgisu. "Mkwe? Umemletaje?" Nikamwonyesha fimbo. Alitikisa kichwa muda mrefu, halafu akasukuma ile karatasi ya ridhaa kwangu, mahali pa kutia sahihi jamaa wa karibu. "Basi wewe ndiye wa karibu," akasema. Nikatia sahihi.

Walimwosha goti lililochubuka mferejini, wakamfunga, wakampasua jicho la kulia mchana huo. Muuguzi alimruhusu binti alale naye wodini. Mimi nilibaki na mvulana, tukala chapati mjini, tukatazama watu wakinunua kuku na puto za Krismasi, naye akalala begani mwangu bila kuuliza mama yake yuko wapi. Mke wangu alipiga simu kila alipopata dakika. Aliuliza kama daktari amesema neno. Nikamwambia amesema tusubiri asubuhi, bandeji itakapotolewa. Akauliza tena baada ya saa moja, kana kwamba asubuhi ilikuwa imefika kwa njia ya mkato.

Asubuhi yenyewe, mkesha wa Krismasi, nilisimama nje, chini ya dirisha la wodi. Dirisha lilikuwa wazi, grili yake imechomelewa vibaya, nilikuwa na muda wa kutosha kuiona. Nilimchana mvulana nywele kwa maji ya bomba, nikampangusa pua, nikamkabidhi kwa dada yake mlangoni. Kwa jambo lililonitoa Jinja, kwa dakika ile yenyewe, sikuruhusiwa kuwepo. Niligeuka, nikaegemea ukuta chini ya dirisha, uso nikautazamisha barabarani.

Nikasikia gundi ya bandeji ikibanduliwa. Nikasikia muuguzi akisema, "Fumbua polepole, mama." Nilianza kufikiria nitamwambia nini mke wangu, na kwa maneno gani.

"Nani hii nasimama hapo na nguo chafu?" Sauti ya mama mkwe.

"Mimi, kukhu!" binti akapiga kelele. "Ni tope ya jana! Unaniona? Unaniona?"

"Na huyu? Leta yeye hapa. Hapana, kwa mwanga. Geuza yeye kwa mwanga."

Nilisikia mvulana akiuliza, "Kukhu naangalia nini?"

"Mi naangalia wewe," akasema. "Mi naangalia wewe tu." Na sauti ikamkatika.

"Mama, usilie!" muuguzi akamkemea. "Utaharibu jicho! Acha kulia kabisa!" Kumbe na yeye alikuwa analia, nilisikia kwenye pua yake. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta kwa mikono miwili, na sikuwa na muuguzi wa kunikemea.

Nikangoja aulize lile swali lake la mtoto anafanana na nani. Hakuuliza. Kitanda kililia, nyayo zikaburuzika mpaka karibu kabisa na dirisha, na binti akasema, "Kukhu, unataka nimwambie baba nini?"

"Hapana. We nyamaza kidogo."

Kisha sauti ikanijia kutoka juu ya kichwa changu, moja kwa moja, bila kupitia mtoto wala mtu yeyote, mara ya kwanza katika miaka tisa.

"Mkwe. Umekula?"

Sikugeuka. Niliendelea kutazama barabara, kama inavyotakiwa. Binti alikuwa ameshatoa kichwa dirishani kulipokea jibu langu na kulipeleka.

"Bado, mama," nikajibu mwenyewe.